Joto likipanda mlimani, vijidudu vya udongo hufanya nini? Njia nne za kuchunguza, na namna ya kuchagua yako

Ninafundisha baiolojia hapa Mombasa, na karibu kila mwaka wanafunzi wangu wa zamani walioingia chuo hunijia na shida ileile. Wamesoma kwamba joto la dunia linabadilisha vijidudu vya udongo wa milimani, wanataka kufanya mradi juu yake, ila hawajui waanzie wapi. Waende milima ya Taita wakachote udongo ngazi kwa ngazi? Wauhamishe kutoka juu kwenda chini? Waupashe joto palepale ulipo? Au waufungie kwenye chupa maabarani? Nimewajibu kwa simu na barazani mara nyingi, na leo nimeona niandike, kwa sababu nimeona vijana wawili watatu wakipoteza mwaka mzima kwa kuchagua njia isiyojibu swali lao.

Mtu anaweza kuuliza udongo wa mlimani unatuhusu nini sisi tunaokanyaga mchanga na mawe ya matumbawe. Fungua mfereji. Sehemu ya maji ya mji huu hutoka chemchemi za Mzima, na Mzima hulishwa na mvua inayozama kwenye vilima vya Chyulu. Nenda soko la Kongowea alfajiri, uone magari yanayoshusha mboga kutoka Taita. Udongo wa huko juu hushika maji na rutuba kwa sababu una mboji, na mboji hutengenezwa na kuliwa na vijidudu hawa tunaowazungumzia.

Kwanza, kinachotokea ardhini

Gramu moja tu ya udongo inaweza kubeba mabilioni ya bakteria, pamoja na kuvu na viumbe vingine visivyoonekana kwa macho. Mlimani kuna baridi, kwa hiyo majani yaliyoanguka huoza polepole na mboji hurundikana mwaka baada ya mwaka. Joto likipanda, vimeng'enya vya vijidudu, yaani protini zinazovunjavunja chakula chao, huchapuka kazi. Kanuni ya jumla ni kwamba kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, upumuaji wa udongo hukaribia kuwa maradufu, na kaboni iliyokuwa imelala ardhini hutoka hewani kama hewa ya ukaa.

Lau mambo yangeishia hapo, usingehitaji jaribio lolote. Ungepiga hesabu ukamaliza. Lakini mambo matatu huingilia kati. Chakula laini, yaani sukari na majani mabichi, huisha, hubaki kile kigumu. Jamii yenyewe ya vijidudu hubadilika: waliozoea baridi hupungua na wengine huchukua nafasi. Na udongo hukauka, na kijidudu kisicho na maji hakifanyi kazi hata joto liwe zuri namna gani. Njia nne nitakazozitaja hutofautiana hasa katika namna zinavyokabiliana na mambo haya matatu.

Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeiuliza maswali yaleyale: inajibu swali gani, inataka muda, fedha na vibali kiasi gani, inaweza kukupotosha wapi, na inamfaa nani. Kigezo cha muda nakipa uzito zaidi ya vingine, na nitaeleza kwa nini nikifika njia ya tatu.

Kuhusu vibali nitasema mara moja, kwa sababu vinahusu njia zote. Utafiti rasmi Kenya unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Ukiingia msitu wa serikali unahitaji ruhusa ya KFS, shirika la misitu, na ukiingia hifadhi ya wanyama unahitaji ya KWS, shirika la wanyamapori. Ukikusudia kusoma DNA ya viumbe, NEMA, mamlaka ya mazingira, nayo inahusika. Na shamba la mtu ni la mtu: bisha hodi, jieleze, keti kama utakaribishwa, kisha uombe. Anza na makaratasi kabla ya kununua hata chupa moja.

Njia ya kwanza: kupanda mlima na kulinganisha miinuko

*Inajibu nini.* Unachukua sampuli kutoka ngazi tofauti za mlima mmoja, ukichukulia kwamba joto la chini leo ndilo joto la juu la kesho. Hewa hupoa kwa takriban nusu nyuzi hadi nyuzi 0.65 kila unapopanda mita 100. Voi iko karibu na mita 600 juu ya bahari, na kilele cha Vuria huko Taita kina mita 2,208. Hiyo ni tofauti ya nyuzi 8 hadi 10 hivi, ndani ya safari ya siku moja kwa matatu. Kwa mtu anayetoka Mombasa, hii ni bahati ambayo wanafunzi wengi duniani hawana.

*Muda, fedha, vibali.* Ndiyo njia ya haraka na ya bei nafuu ukiacha nauli. Wiki moja ya kuchota na miezi miwili ya kupima inatosha mradi wa shahada ya kwanza. Unahitaji koleo au bomba la kuchotea, vikopo vyenye vifuniko, kipimajoto cha udongo, na simu ya kurekodi mahali na mwinuko.

Ipo namna nyingine rahisi zaidi ambayo naipenda sana kwa shule: mifuko ya chai. Mwaka 2013 watafiti walichapisha utaratibu wa kuzika mifuko ya chai ya kijani na ya rooibos (chai nyekundu ya Afrika Kusini) kwa kina cha sentimita 8, kuiacha takriban siku 90, kisha kuifukua, kuikausha na kuipima. Chai ya kijani huoza upesi, rooibos polepole, na ukiziweka pamoja unapata picha ya kasi ya uozaji na kiasi kinachobaki bila kuoza. Huko Kilimanjaro watafiti walishaitumia kupanda nayo mlima. Jambo moja la kushikilia: mifuko yote iwe ya kampuni moja na kitambaa kimoja, la sivyo utakuwa unalinganisha mifuko badala ya udongo.

*Inapopotosha.* Mlima haubadilishi joto peke yake. Upande wa kusini wa Kilimanjaro, mvua huongezeka kadiri unavyopanda hadi karibu mita 2,200, kisha hupungua tena kuelekea juu. Miti hubadilika, mawe hubadilika, na chini kuna mashamba wakati juu kuna msitu. Utafiti mkubwa wa Kilimanjaro uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2019 ulionyesha jambo hili wazi: athari ya matumizi ya ardhi hutegemea hali ya hewa ya mahali, na huwezi kueleza kimoja bila kingine. Kwa hiyo ukikuta bakteria wengine Voi na wengine Vuria, huna haki ya kusema "ni joto" mpaka umepima unyevu, tindikali ya udongo na mboji. Tena vijidudu wa kila ngazi wamezoea ngazi yao kwa maelfu ya miaka, ilhali joto la sasa linapanda ndani ya miongo.

*Inamfaa nani.* Mwenye muda mfupi, mwalimu mwenye kundi la wanafunzi, na yeyote anayetaka kwanza kujua mlima wake ukoje kabla ya kuusumbua.

Njia ya pili: kuhamisha udongo

*Inajibu nini.* Hapa unakata kipande cha udongo cha juu kikiwa kizima ndani ya bomba la PVC, unakishusha na kukizika mahali penye joto zaidi. Swali lako linakuwa kali: udongo uleule, na vijidudu walewale, wakihamia joto jipya hufanyaje? Wanazoea, au wanakula mboji mpaka iishe?

Mfano bora ninaoujua ni wa milima ya Andes nchini Peru. Udongo wa misitu ulihamishwa katika mteremko wenye tofauti ya mita 3,000, mwingine ukishushwa na mwingine ukipandishwa, ukaachwa miaka mitano. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalikuwa kwamba kaboni ya udongo ilibadilika kwa takriban asilimia 4 kwa kila nyuzi moja: uliohamia joto ulipoteza, uliohamia baridi ulihifadhi. Na vijidudu hawakupunguza kasi ili kuokoa hali. Mabadiliko yao yaliongeza upotevu. Kwangu hilo ndilo jambo linalotia wasiwasi zaidi katika elimu hii yote, kwa sababu wengi tulikuwa tunatumaini kwamba vijidudu wangezoea joto wakatulia.

*Muda, fedha, vibali.* Vifaa si ghali, lakini muda ni mrefu. Chini ya mwaka mmoja sikushauri. Na unahitaji mtu wa kuaminika kila kituo, kwa sababu bomba lililozikwa shambani hung'olewa na jembe, mbuzi, au mtoto mwenye hamu ya kujua.

*Inapopotosha.* Kukata udongo ni kuujeruhi. Mizizi iliyokatwa hufa, na mizizi iliyokufa ni karamu kwa vijidudu. Upumuaji utapanda hata kama joto halikubadilika. Dawa yake ni kukata vipande vingine na kuvizika tena palepale vilipotoka, ili uwe na cha kulinganishia. Mwanafunzi mmoja aliacha hatua hii kwa kuona ni kazi bure, na mwisho hakuweza kutenganisha athari ya joto na athari ya koleo. Unyevu nao hukufuata: ukishusha udongo wa msitu wa ukungu hadi uwanda wa Voi, umeuongezea joto na kiu kwa pamoja. Mteremko mfupi, tuseme mita 400 hadi 600 ndani ya ukanda uleule wa mvua, hutoa jibu dogo lakini safi zaidi.

Lipo na jambo la heshima kwa wenyeji. Udongo hubeba magonjwa ya mimea na minyoo ya mizizi. Mzee mmoja kule Wundanyi aliniambia, "Mwalimu, udongo wa jirani sichukui hivihivi, nitajuaje una nini?" Alikuwa sahihi. Funga bomba chini kwa wavu mwembamba, zika mbali na mazao, na ukimaliza ondoa kila ulicholeta.

*Inamfaa nani.* Mwanafunzi wa uzamili mwenye miaka miwili, na mwenye uhusiano wa kweli na watu wa mlimani.

Njia ya tatu: kupasha joto palepale

*Inajibu nini.* Unaacha udongo, mizizi na mimea mahali pake, unaongeza joto tu. Ndiyo njia iliyo karibu zaidi na hali halisi ijayo.

Zipo namna tatu. Ya kwanza ni nyaya za joto zilizozikwa, kama katika Harvard Forest huko Massachusetts, Marekani, ambako tangu mwaka 1991 udongo umepashwa nyuzi 5 zaidi ya kawaida kwa nyaya zilizozikwa sentimita 10 chini. Ya pili ni taa za joto zinazoning'inia juu ya majani. Jaribio maarufu la namna hii lilianza mwaka uohuo kwenye uwanda wa nyasi wa milima ya Colorado. Ya tatu ni vizimba vya plastiki au kioo vilivyo wazi juu, ambavyo hunasa joto la jua bila umeme na kuongeza nyuzi 1 au 2 hivi.

Sasa ndipo nieleze kwa nini muda nauweka mbele. Harvard Forest walipotoa matokeo ya miaka 26, mwaka 2017, hadithi ilikuwa na vipindi. Mwanzo hewa ya ukaa ilitoka kwa wingi. Kisha ikatulia kwa miaka, na mtu angeweza kufunga daftari akasema vijidudu wamezoea. Baadaye ikapanda tena, kwa kuwa jamii mpya ya vijidudu ilianza kula mboji ngumu ambayo waliotangulia hawakuigusa. Kisha ikatulia tena. Mtu aliyepima miaka mitatu, aliyepima miaka kumi na aliyepima miaka kumi na tano wangetoa majibu tofauti, na wote wangekuwa wamepima kwa uaminifu.

Msitu ule uko nchi za baridi na si wa mlima mrefu. Kwa tropiki, jaribio la kisiwa cha Barro Colorado, Panama, lilipasha udongo nyuzi 4 kwa miaka miwili, na hewa ya ukaa ikaongezeka kwa asilimia 55, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020. Huo nao ni msitu wa nyanda za chini. Majaribio ya namna hii kwenye milima ya tropiki bado ni machache, na Afrika Mashariki ina milima tele.

*Muda, fedha, vibali.* Nyaya na taa hazimfai mtu binafsi. Zinataka umeme usiokatika, walinzi na mfuko wa taasisi. Vizimba vya plastiki vinawezekana.

*Inapopotosha.* Kizimba huzuia upepo na sehemu ya mvua, na hupasha mchana zaidi kuliko usiku, ilhali ongezeko la joto duniani halilali. Nyaya hupasha udongo bila kupasha majani. Hatari nyingine haitokani na sayansi: huko Puerto Rico jaribio la taa za joto msituni lilikumbwa na vimbunga viwili mwezi Septemba 2017. Sisi tuna nyani, na tuna watu wenye haja na plastiki. Zungumza na jamii kabla, si baada ya kuibiwa.

*Inamfaa nani.* Taasisi, au kundi la watafiti wenye miaka mitano mbele yao. Mwanafunzi mmoja anaweza kujiunga na mradi uliopo. Kuuanzisha peke yake simshauri.

Njia ya nne: chupa za maabara

*Inajibu nini.* Unachekecha udongo, unaugawa kwenye chupa, unaziweka kwenye viwango tofauti vya joto huku unyevu ukiwa mmoja, kisha unapima hewa ya ukaa inayotoka. Hakuna njia nyingine inayotenganisha joto na unyevu kwa usafi kama hii.

*Muda, fedha, vibali.* Wiki nne hadi kumi na mbili zinatosha. Huhitaji mashine ya bei mbaya: ndani ya chupa iliyofungwa kabisa, weka kikombe kidogo cha sodiamu haidroksaidi. Hunasa hewa ya ukaa. Ukikitoa, ongeza bariamu kloraidi, kisha fanya titresheni (kudondosha asidi tone kwa tone huku ukipima) kwa asidi ya haidrokloriki, na tofauti kati yake na ya chupa isiyo na udongo ndiyo pumzi ya vijidudu. Ni kemia ya sekondari ikifanya kazi ya maana.

Shida ya Mombasa ni joto letu wenyewe. Inkubeta ya kawaida huongeza joto tu, haipoozi. Chumba chako kikiwa na nyuzi 29, huwezi kupata nyuzi 15 za msitu wa mlimani bila kabati lenye mtambo wa baridi. Nimeliona hili kwa uchungu: safari yangu ya kwanza nilirudi na vikopo vya udongo kutoka Taita jioni sana, nikaviacha sebuleni mpaka asubuhi nikidhani usiku mmoja hauna neno. Nilipovifungua vilikuwa na harufu nyingine. Udongo uliokuwa umezoea baridi ulikuwa umeshafanyiwa jaribio la joto kabla sijapanga jaribio lolote. Tangu hapo nasafiri na kisanduku cha barafu kama cha wauza samaki, na vikopo huingia humo dakika ileile ninapochota.

*Inapopotosha.* Kuchekecha huvunja nyuzi za kuvu na kufungua mboji iliyokuwa imejificha ndani ya madonge, kwa hiyo siku za mwanzo chupa hupumua kupita kiasi. Ziache zitulie wiki moja hivi kabla ya kuanza kuhesabu. Hakuna mizizi inayoleta chakula kipya, kwa hiyo baada ya wiki kadhaa kasi hushuka kwa njaa, na ni rahisi mno kudhani vijidudu wamezoea joto. Pima kaboni iliyobaki kabla hujaandika neno "kuzoea".

*Inamfaa nani.* Mwenye maabara na umeme wa uhakika, mwenye swali dogo lililo wazi.

Neno kuhusu DNA

Wengi huniuliza kama waache haya yote wakasome DNA tu. DNA inakwambia nani yupo, au nani aliwahi kuwepo, maana DNA ya vijidudu waliokufa hubaki udongoni kwa muda. Haikwambii wanafanya nini. Ni nyongeza nzuri kwa njia yoyote kati ya hizi nne. Peke yake itakupa orodha ndefu ya majina na swali lako litabaki pale lilipokuwa.

Kulingana na hali yako

Ukiwa na muhula mmoja na fedha kidogo, panda mlima. Chagua ngazi tano au sita badala ya mbili, na kila ngazi uchote sehemu kadhaa. Ukiweza, baki ndani ya aina moja ya matumizi ya ardhi, ama msitu mtupu ama shamba tupu.

Ukiwa na maabara lakini huwezi kusafiri mara kwa mara, fanya safari moja yenye barafu ya kutosha kisha uingie kwenye chupa. Kama kabati la baridi halipo, badilisha swali: linganisha nyuzi 30 na 35 kwa udongo wa Shimba Hills au wa shamba la Kwale. Utakuwa umetoka mlimani, lakini utakuwa na jibu la kweli kuhusu udongo wako.

Ukiwa na miaka miwili, unganisha ya pili na ya nne. Hamisha udongo, na kila baada ya miezi sita chukua kidogo ukaupime kwenye chupa kwa viwango kadhaa vya joto. Hapo ndipo utaweza kusema kama vijidudu wenyewe wamebadilika au wameishiwa chakula tu.

Ukiwa ni taasisi, na hasa ile inayohusika na maji tunayokunywa, weka vizimba Taita au Chyulu na uwe tayari kuvilea kwa muongo mzima, pamoja na vituo vya kupima unyevu.

Na ukiwa mwalimu wa sekondari mwenye wanafunzi thelathini na basi la siku moja: mifuko ya chai. Ipime kila mmoja kwa mizani ya gramu 0.01 na uipe namba kabla ya kuondoka. Zikeni mwanzoni mwa masika, ngazi tatu kati ya Mwatate na juu ya Wundanyi, kwenye mashamba ya watu mliowaomba. Wekeni vijiti vyenye alama, andikeni mwinuko, na acheni namba ya simu kwa mwenye shamba. Siku ya tisini mrudi na koleo.